Kilio kisichoitikiwa na vijana wasio na huruma

Septemba 2022, vijana wenye mapanga walipovamia nyumba za watu Kawe, Dar es Salaam, na mwanafunzi wa chuo akapoteza maisha, vijiwe vya jiji vilikuwa na mada moja tu. Jina la Panya Road, kama makundi hayo ya vijana yanavyoitwa, halikuwa geni, kwa kuwa Januari 2015 hofu yao ilishawahi kuwafanya watu wafunge maduka na kukimbilia majumbani. Safari hii kilichowakera wengi kilikuwa ubaridi. Hawa watoto, watu waliuliza, huruma yao imekwenda wapi?

Majibu yalikuja upesi, tena mawili tu. Upande mmoja ulisema wamezaliwa na roho ya kinyama, hakuna cha kurekebisha, dawa yao inajulikana. Upande wa pili ukasema ni malezi: baba haonekani, mama yuko gengeni toka alfajiri hadi usiku, mtoto kalelewa na mtaa.

Hakuna aliyewafanyia vijana wale vipimo vya kisaikolojia, kwa hiyo sitawabandika jina la saikopathi. Lakini swali lililoulizwa mitaani limefanyiwa kazi na watafiti kwa zaidi ya miaka 30, na waliyoyapata hayampi ushindi yeyote kati ya wale wawili. Mimi nayasoma hivi: mateso ya utotoni yanaharibu mengi, ila kinachougandisha moyo wa mtoto kuliko vingine ni kulia na asitokee mtu. Hilo linatuhusu sana, maana sisi wa Afrika Mashariki tuna desturi nzima ya kuwanyamazisha watoto.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini, kwa sababu neno lenyewe linatumiwa ovyo. Siku hizi mume mkorofi ni saikopathi, bosi mkali ni saikopathi, mpenzi aliyekuacha naye ni saikopathi. Daktari wa akili wa Kimarekani, Hervey Cleckley, aliandika mwaka 1941 kuhusu watu wasio na wazimu wowote, wacheshi, wenye akili, lakini wasiojua haya wala majuto. Baadaye mwanasaikolojia wa Kanada, Robert Hare, akatengeneza orodha ya vipengele 20, kila kimoja kikipewa alama kuanzia 0 hadi 2. Jumla inaishia 40, na Amerika Kaskazini mtu huhesabiwa saikopathi akifika 30. Watu wengi tu wana alama chache, ndiyo maana watafiti hupenda kuzungumzia hulka za kisaikopathi, ambazo mtu anaweza kuwa nazo kidogo au kwa wingi.

Hulka hizo ziko mafungu mawili, na ugomvi wote wa vijiweni unatokana na kuyachanganya. Fungu la kwanza ni la moyo: kukosa huruma, kukosa majuto, kudanganya bila kupepesa macho, kuwatumia watu na kuwatupa. La pili ni la mwenendo: hasira za ghafla, kutojizuia, kuishi leo bila kuiwaza kesho, kuvunja sheria toka udogoni. Vijana walioteswa utotoni wakipimwa, kwa kawaida wanaonekana kuwa na alama za juu kuliko wenzao, lakini uhusiano huo una nguvu zaidi kwenye fungu la pili. Kipigo kinatabiri hasira vizuri. Ubaridi kinautabiri kwa shida.

Ushahidi ninaouamini zaidi ni wa Cathy Spatz Widom wa Marekani, kwa sababu alikuwa na subira. Alichambua kumbukumbu za mahakama na kupata watoto 908 ambao kesi zao za kupigwa, kunajisiwa au kutelekezwa zilithibitishwa kati ya 1967 na 1971. Akatafuta watoto wengine 667 wanaofanana nao kwa umri, jinsia, rangi na hali ya maisha, ila hawakuwa na kesi kama hizo. Kisha akawafuatilia wote walivyokua. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1989 yalionyesha kuwa asilimia 26 ya watoto walioteswa walikamatwa na polisi kabla ya kufikia utu uzima, na kwa wenzao ilikuwa asilimia 17. Kwa makosa ya ukatili, asilimia 11 kwa 8. Mwaka 1996, wakiwa sasa vijana watu wazima, yeye na mwenzake Barbara Weiler waliwapima kwa orodha ya Hare, na waliotendewa ukatili utotoni wakatoka na alama za juu zaidi.

Namba hizo zinahitaji kusomwa polepole. Asilimia 26 maana yake 74 kati ya kila 100 hawakukamatwa wakiwa bado watoto. Walipigwa, wengine walibakwa, wengine waliachwa na njaa, na bado karibu robo tatu yao walifika utu uzima bila jina lao kuandikwa kwenye daftari la polisi. Kwa hiyo anayesema "alipigwa utotoni, ndiyo maana akawa muuaji" anawatukana bila kujua mamilioni ya watu waliopitia yaleyale na leo wanalea watoto wao kwa upole. Na anayesema utoto hauna uhusiano, aeleze ile tofauti ya 26 na 17 kwa watoto waliotoka mitaa ileile.

Kuna jambo jingine ambalo maandishi mengi juu ya mada hii huliruka. Tafiti nyingi zinawachukua wanafunzi wa vyuo, zinawapa dodoso, na kuwauliza leo mambo ya miaka 15 iliyopita. Mwaka 2019 ulichapishwa uchambuzi uliounganisha tafiti 16 zenye watu zaidi ya 25,000, ukilinganisha yaliyoandikwa wakati mtoto akiwa bado mtoto na anayoyakumbuka akiwa mtu mzima. Zaidi ya nusu ya wale ambao mateso yao yaliandikwa wakati ule hawakuyataja walipoulizwa ukubwani, na zaidi ya nusu ya waliosema waliteswa hawakuwa kwenye kumbukumbu zozote. Sidhani kwamba wanadanganya, maana kumbukumbu za serikali nazo zinawakosa wengi. Lakini ukiongeza kwamba mtu mwenye hulka za kisaikopathi anaweza kuipamba historia yake kadiri inavyomfaa, utaona kwa nini dodoso moja lililojazwa darasani halitoshi kujenga hoja ya sababu na matokeo.

Na moyo baridi wenyewe haupatikani kwa njia moja. Ben Karpman, daktari wa akili wa Washington, alidai toka mwaka 1941 kwamba kuna watu wa namna mbili wanaofanana kwa matendo: mmoja hana hisia tokea mwanzo, na mwingine hisia zake ziligandishwa na maisha. Stephen Porter alilichukua wazo hilo mwaka 1996 na kulieleza kwa lugha ya kiwewe: mtoto anayeumizwa na watu anaowategemea anajifunza kuzima hisia ili aishi, na kuzimazima huko kunageuka tabia. Eva Kimonis na wenzake wakaja kuwapima vijana waliofungwa, na makundi mawili yakaonekana kweli. Moja lina ubaridi bila wasiwasi. Jingine lina ubaridi uleule, ila ndani yake mna wasiwasi mkubwa, huzuni, na historia nzito zaidi ya kuteswa. Ukiwatazama wakifanya fujo huwatofautishi. Ukikaa nao usiku wakiota ndoto mbaya, utawatofautisha.

Wanaosema "kazaliwa hivyo" nao wana sehemu ya ukweli. Essi Viding na wenzake walichunguza zaidi ya jozi 3,600 za pacha wa miaka 7 nchini Uingereza, wakichapisha mwaka 2005. Kwa watoto wakorofi wenye ubaridi wa moyo, urithi ulieleza asilimia 81 ya ukorofi wao. Kwa watoto wakorofi wasio na ubaridi, asilimia 30 tu. Hiyo si namba ya kupuuza, na mzazi aliyemlea mtoto kwa upendo wote na bado akaona yule mmoja hashtuki mwenzake akilia, hastahili kusimangwa kwamba hakulea vizuri.

Ila urithi haufungi mlango. Mwaka 2018, Rebecca Waller na wenzake walichukua jozi 227 za pacha wa kufanana kabisa, watoto ambao damu yao ni moja, na kuangalia pale mzazi alipowatendea tofauti. Yule aliyepata ukali mwingi na upendo mdogo kuliko pacha mwenzake ndiye aliyekuwa mgomvi zaidi na mwenye ubaridi zaidi. Na utafiti wa Luke Hyde wa mwaka 2016 kwa familia 561 zilizoasili watoto ulikuta kwamba mama mzazi mwenye historia ya uhalifu anaweza kumrithisha mtoto mwelekeo wa ubaridi hata kama hakumlea. Lakini mama wa kuasili akiwa na mazoea ya kumsifu mtoto na kumtia moyo, urithi huo unapoteza nguvu.

Hata hivyo, pacha na kuasili bado ni kulinganisha tu. Kuna mahali pamoja ambapo swali hili liliwekwa kwenye jaribio halisi, nako ni Romania.

Mwaka 1966, mtawala wa nchi hiyo, Nicolae Ceaușescu, alipiga marufuku utoaji mimba ili taifa liongezeke watu. Familia maskini zikazaa watoto zisizoweza kuwalisha, na serikali ikawaambia wawapeleke kwenye vituo vyake. Utawala ulipoanguka Desemba 1989, dunia ilikuta watoto zaidi ya 100,000 ndani ya majengo hayo. Walikuwa wanalishwa, wanabadilishwa nguo kwa zamu, mhudumu mmoja kwa watoto wengi, kila kitu kwa ratiba. Watafiti wa Kimarekani Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah walipoingia kwenye vituo vya Bucharest, kimoja kati ya vilivyowashtua ni ukimya. Chumba kimejaa vitanda vya watoto wachanga na hakuna anayelia. Walikuwa wameshajifunza kwamba kulia hakumleti mtu.

Kuanzia mwaka 2000 waliwafanyia vipimo watoto 136 waliokuwa na umri wa kati ya miezi 6 na 31, kisha wakapiga kura. Nusu walipelekwa kwenye familia za malezi ya kambo zilizofundishwa na kusimamiwa, nusu wakabaki chini ya utaratibu wa kawaida wa serikali. Kura hiyo imelalamikiwa sana, na mimi nayaelewa malalamiko. Lakini wakati huo malezi ya kambo karibu hayakuwepo Bucharest, mradi ndio uliyaanzisha, na hakuna mtoto aliyezuiwa kutoka kituoni nafasi ya familia ilipopatikana baadaye.

Watoto walipofika miaka 12 hivi, Kathryn Humphreys na wenzake walipima ubaridi wa moyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Waliopitia vituoni walikuwa na ubaridi zaidi kuliko watoto wa mjini waliolelewa makwao. Kwa wavulana, waliobahatika kupelekwa kwenye familia walikuwa na ubaridi mdogo kuliko wavulana walioachwa kwenye utaratibu wa kawaida. Kwa wasichana tofauti hiyo haikuonekana. Watafiti wakauliza: ni kitu gani hasa ndani ya familia kilichofanya kazi? Walipima upendo wa jumla wa mlezi, uchangamfu wake, na pia jinsi anavyomwitikia mtoto anapokuwa na dhiki, yaani akiumia, akiogopa, akilia. Uchangamfu haukueleza ile tofauti. Kuitikia dhiki ndiko kulikoieleza.

Nimelisoma tokeo hilo mara nyingi, na kila mara narudi kwenye wazo lilelile. Huruma tunaifikiria kama somo la maadili, kitu cha kuhubiriwa Jumapili au Ijumaa. Hapa inaonekana inaanzia chini zaidi ya hapo. Mtoto anajua maumivu ya mwenzake yana maana kwa sababu ya kwake yaliwahi kuwa na maana kwa mtu fulani.

Ingia shule zetu nyingi za msingi asubuhi. Kengele imeshalia, wachelewaji wamepigishwa magoti karibu na mlingoti wa bendera, mwalimu wa zamu anapita na fimbo. Mtoto wa darasa la tatu ananyoosha kiganja, fimbo inashuka, anakirudisha kwapani, machozi yanamlenga. Kisha inakuja amri ambayo wasomaji wengi wa makala haya wameisikia kwa masikio yao: "Nyamaza! Nikikusikia unalia naongeza." Nyumbani ni yaleyale, na kwa mvulana linaongezwa jingine, mtoto wa kiume halii. Baada ya miaka kadhaa mtoto huyo huyo anachapwa mbele ya wenzake huku anatabasamu, na walimu wanaambiana ofisini, huyu kashakuwa sugu, fimbo haimwingii. Wanalisema kama kosa la mtoto.

Sisemi viboko vinne vya paredi ni sawa na kituo cha Bucharest. Jaribio la Romania lilihusu kukosa mlezi, halikuhusu fimbo, na hatua ya kutoka pale hadi hapa ni hoja yangu mwenyewe. Lakini itazame ile amri ya kunyamaza. Fimbo inaumiza dakika moja. Amri inamfundisha mtoto kwamba aliyemuumiza hataki hata kusikia kwamba ameumia, na kwamba akionyesha maumivu atapata zaidi. Anayeisema ni mtu yuleyule ambaye mtoto angemkimbilia. Sioni namna bora zaidi ya kumfundisha mtu kuzima hisia.

Ukubwa wa jambo lenyewe unajulikana. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulikuta karibu robo tatu ya vijana, wasichana kwa wavulana, walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu wasichana watatu kati ya 10 na mvulana mmoja kati ya saba walifanyiwa ukatili wa kingono. Tobias Hecker na wenzake waliwahoji watoto 409 wa shule ya msingi nchini humo, matokeo yakatoka mwaka 2014: karibu wote walishawahi kuchapwa, nyumbani na shuleni, na waliochapwa zaidi nyumbani walikuwa na ukorofi zaidi na moyo mdogo wa kusaidia wenzao.

Najua jibu litakalokuja, nimelisikia hata kwa watu ninaowaheshimu sana: sisi tulichapwa, mbona tuko sawa? Samaki mkunje angali mbichi. Hoja hiyo ina uzito, na kuna utafiti unaoiunga mkono kiasi. Mwaka 2005, Jennifer Lansford na wenzake walilinganisha nchi sita, Kenya ikiwemo, na wakakuta kwamba pale ambapo kuchapa kunaonekana jambo la kawaida, madhara yake kwa tabia ya mtoto yanapungua. Yanapungua, hayaishi. Hata huko, watoto waliochapwa zaidi walikuwa na ugomvi na wasiwasi zaidi.

Kilichowaokoa wengi wa kizazi chetu nadhani nakijua. Ulichapwa na baba, ukakimbilia kwa bibi. Bibi alikufuta machozi, akakupa kipande cha muhogo, akasema baba yako kazidi. Kulikuwa na mtu. Leo chumba kimoja Manzese au Mathare kina mama, watoto watatu na hakuna bibi. Bibi yuko kijijini, shangazi yuko Uarabuni kwenye kazi za ndani, na jirani anahama kila kodi ikipanda. Tumebaki na fimbo ya zamani bila watu wa zamani waliokuwa wakiipoza. Tukijipima kwa utoto wetu wakati tunaulizwa kuhusu utoto wa sasa, tunajibu swali ambalo halikuulizwa.

Kuhusu lawama nitasema kwa ufupi, kwa kuwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilishalishughulikia vizuri kuliko wengi wetu. Dominic Ongwen alitekwa na waasi wa LRA kaskazini mwa Uganda mwaka 1987, akiwa mtoto wa miaka kama tisa, njiani kwenda shule. Akakulia msituni, akawa kamanda. Februari 2021 alitiwa hatiani kwa makosa 61. Majaji waliukataa utetezi kwamba alikuwa na ugonjwa wa akili, kisha mwezi Mei wakampa miaka 25 badala ya kifungo cha maisha, wakisema wazi kwamba walizingatia utekwaji wake akiwa mtoto. Hatia ilibaki pale pale na utoto ukahesabiwa. Waathirika wengi hawakuridhika, na nani atawalaumu? Lakini sioni mizani nyingine inayowatendea haki watu wote wawili, yule aliyeuawa na yule mtoto aliyetekwa.

Jambo linalonisumbua zaidi ni tunavyofanya kwa walio wadogo sasa hivi. Chukua makao ya watoto. Mengi yanaendeshwa na watu wenye nia njema kabisa, chakula kipo, sare zipo. Lakini wahudumu wanapokezana kwa zamu, wanalipwa kidogo, wanaacha kazi. Halafu wanakuja wageni wa kujitolea kutoka Ulaya, wanambeba mtoto wiki mbili, wanapiga picha, wanaondoka, na wiki inayofuata anakuja mwingine. Ukisoma matokeo ya Bucharest kisha ukamtazama mtoto wa miaka miwili anayemkumbatia kila mgeni anayepita getini, hutasema ni mchangamfu. Rwanda waliliona hilo, na kuanzia mwaka 2012 wakaanza kufunga vituo na kuwarudisha watoto kwenye familia. Kenya ina mkakati wa kwenda huko hadi 2032. Tanzania tuna utaratibu wa familia za kuaminika chini ya maofisa ustawi wa jamii, na wanaoujua ni wachache mno.

Shuleni nako njia ipo. Kenya ilifuta viboko kwa kanuni mwaka 2001, na ingawa fimbo hazijaisha, mzazi ana sheria ya kushika mkononi. Tanzania Bara bado tunazo kanuni za mwaka 1979, zilizorekebishwa 2002, zinazoruhusu viboko visivyozidi vinne kwa idhini ya mkuu wa shule na kuandikwa kwenye kitabu. Ni mara ngapi umeona kitabu hicho kikifunguliwa? Mtafiti wa Kitanzania, Mabula Nkuba, pamoja na wenzake akina Hecker, walijaribu kitu kingine kwenye shule nane za sekondari za serikali, nusu zikipata mafunzo na nusu bila. Walimu walikaa chini kwa muda usiofika wiki moja wakijifunza kusimamia darasa bila fimbo, na pia kumsikiliza mwanafunzi mwenye shida. Baada ya miezi kadhaa, ukatili wa walimu kwenye shule zilizopata mafunzo ulikuwa umepungua, kwa maelezo ya walimu na ya wanafunzi wenyewe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Vyuo vyetu vya ualimu havihitaji kusubiri kanuni ibadilike ili viyaweke mafunzo hayo kwenye mtaala.